Sauti ya Subira

Bwana Kilango, mwenye duka la vifaa vya kusikia, alimfuata Mwanahawa kwenye kliniki ya hisani alikokuwa akiwavalisha watu vifaa hivyohivyo bila malipo.

"Njoo kwangu, dada. Mshahara mara mbili, na kamisheni kwa kila kifaa utakachouza. Hapa wanakuongeza nini?"

"Kila mwisho wa mwaka wanatupa kitenge," alijibu Mwanahawa, akacheka. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, na moyoni alikwisha kubali. "Nimalizane na bibi huyu kwanza."

Bi Mize, bibi mwenyewe, alikuwa ameketi mbele yake. Homa ilimziba masikio akiwa na mimba ya Subira, binti yake wa pekee, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na amesimama nyuma ya kiti chake. Mwanahawa alikiweka kifaa sikioni, akakiwasha taratibu, kisha akamwashiria binti aseme.

"Mama," alisema Subira.

Bi Mize akageuka ghafla. Alimkazia macho bintiye.

"Kumbe una sauti ya marehemu mama yangu!"

Bi Mize akamshika Subira mkono.

"Sema tena, mwanangu. Sema chochote."

Subira akaanza kuvitaja vitu vilivyokuwa chumbani, kimoja kimoja: dirisha, pazia, ndoo, mlango. Bi Mize alifumba macho, akasikiliza, na Mwanahawa akamtikisia Bwana Kilango kichwa: hatakwenda.