Mzabibu wa Mlangoni

Simu ya maabara ilimkuta Eteri uani, akimtazama binti yake akichagua tawi la kukata kwenye mzabibu wa mlangoni. Hapa Kakheti, nchini Georgia, bibi harusi haondoki bila kipandikizi cha mzabibu wa kwao, akakiunganishe katika shamba la wakwe.

"Ugonjwa umetoka kwa jirani, sivyo?" Eteri aliuliza hata kabla ya salamu. Tangu majani ya mizabibu yake yajikunje na kuwa mekundu kabla ya wakati, kama ya jirani, alikuwa hamwamini yule bwana hata akikohoa.

"Hapana, mama," mtaalamu wa maabara alijibu. "Virusi vina ukoo kama watu. Vya shambani kwako si ukoo wa vya jirani. Ni ukoo mmoja na vya ule mzabibu wa mlangoni."

"Ule nilikuletea kama mfano wa mzima!"

"Mzabibu wa zabibu nyeupe huuficha ugonjwa. Usimpe mtu kipandikizi chake, utamwambukizia shamba."

Langoni jirani alisimama na mtungi wa divai ya harusi. "Mama wa bibi harusi, hata leo unanichunguza? Nikaribishe basi, nimeosha viatu!"

Mkasi ulilia. Penye kidonda cha tawi tone la maji lilivimba taratibu, safi kabisa, likaning'inia.

"Mama, mbona umenishika mkono? Wakwe wanapiga honi."

Eteri hakuuachia.

"Jirani," aliita, akiutazama mzabibu wa mlangoni, "karibu ndani. Shoka lako liko wapi?"