Dhahabu ya Mzee Kokoto

Mzee Kokoto alimwaga ndoo nyingine ya tope mbele ya mlango wake, akarudi nyuma kulitazama, kisha akaongeza kidogo pembeni, kama fundi anayesawazisha sakafu.

"Baba!" Binti yake alitoka ndani na fagio mkononi. "Si nimefagia hapo sasa hivi?"

"Ndiyo maana. Wale watu wakikuta pakavu watadhani mgodini hamna maji."

Binti aliegemeza fagio ukutani. Tangu siku ile alipomwambia baba yake, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu, kwamba "wale watu" wangekuja Jumamosi, mzee hakuwa amelala vizuri. Hakuona haja ya kuuliza ni watu gani. Mlima mzima ulikuwa ukisema kuna kampuni inayotaka kuufufua mgodi wa zamani, na mdomo wa mgodi huo ulikuwa nyuma ya jiko lake. Wakiufungua tu, nyumba inavunjwa. Na nyumba hii ndiyo aliyomlelea binti huyu peke yake tangu mama yake afariki, akimsuka nywele kwa mikono yake mwenyewe, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Aiache aende wapi?

"Tafadhali, usiwe mkali kwao," binti alisema.

"Mkali wa nini? Nitawaambia ukweli tu. Ukweli wenyewe utawakimbiza."

Wakaja watatu: mama mmoja wa makamo, bwana mnene ambaye wenzake walimwita Mjomba, na kijana wa suti aliyeanza kutoka jasho kabla jua halijamfikia. Walivuka tope kwa ncha za viatu, wala hawakunung'unika. Binti aliwasalimia kwa sauti ndogo, akawakaribisha viti, akapotelea jikoni.

"Huyu ndiye mhandisi," Mzee Kokoto alijisemea, akimpima kijana. "Mikono laini. Nyundo kaiona kwenye picha."

Mjomba alikohoa. "Mzee wetu, tumesikia hapa kwako kuna dhahabu. Tumekuja kuiomba."

Kuiomba! Kumbe makampuni siku hizi yana adabu.

"Ipo, sikatai," alijibu. "Ila nitakuwa mwongo nikisema ni ya kukimbilia. Kwanza ni ngumu. Zamani za kale mlima huu ulipasuka, maji ya moto yakapanda kwenye nyufa, yakapoa, yakaiacha imejikunyata ndani ya jiwe jeupe, gumu kuliko ugomvi wa ndugu. Unagonga kutwa nzima, unapata cha kuziba jino la panya."

"Sisi hatuna haraka," mama alisema kwa upole.

"Halafu si safi."

Kijana alishtuka. "Si safi?"

"Ina salfa. Ipashe moto kidogo tu uone: moshi, harufu, mbuzi wote wanahama."

"Kwa hiyo ina hasira kidogo," Mjomba alisema taratibu, kama mtu anayefumbua fumbo.

"Kidogo? Ilishawahi kuwaangukia watu!"

"Na umri wake?"

"Miaka milioni elfu mbili, nikiipunja."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani mzee, huishi utani!"

Mzee Kokoto hakuona kichekesho kiko wapi.

"Kuna... kuna waliowahi kuijaribu?" kijana aliuliza.

Swali hilo ndilo alilokuwa akilingoja. "Tele! Wa kwanza walikuja na punda. Wakakaa mpaka punda wakazeeka. Mara mshipa ukakatika. Mwamba uliteleza upande, dhahabu ikapotea ghafla, wakaitafuta kila pembe wasiione. Wakaondoka peku. Baada yao akaja mwingine na mashine ya kuvuta maji. Maji yakaimeza mashine. Imo mle ndani mpaka leo."

Jikoni sufuria ilianguka.

"Mpaka leo?" Mama alishika kifua.

"Pamoja na popo."

"Popo?"

"Ukoo mzima."

Mjomba alitazama dari. Mzee Kokoto alikuwa ameshaanza kuwatafutia maneno ya kuwaagia, kijana alipoinuka ghafla, suruali imetapakaa tope.

"Mzee, naomba niseme. Iwe ngumu, iwe na moshi, iwe na maji na hao popo wake. Hiyo mashine siijali. Mimi sijaona nyingine kama hii, wala sina mpango wa kutafuta nyingine." Akatoa leso, akajifuta machozi.

Miaka yote aliyoishi juu ya mgodi, Mzee Kokoto hakuwahi kumwona mhandisi akilia kwa ajili ya mawe. Moyo ulimlegea. Lakini nyumba je?

"Na mimi mtanipeleka wapi?"

"Wewe?" Mama alishangaa. "Tukupeleke wapi tena? Utabaki kwako, na mlima wako. Haja yetu ni hiyo dhahabu tu."

"Hamtavunja hata ukuta?"

"Ukuta umetukosea nini? Hata mlango hatutaubamiza."

Mzee alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba wiki nzima. Kama nyumba inabaki, dhahabu ya nini? Miaka yote imekaa pale, haijawahi hata kumwamkia asubuhi.

"Basi ichukueni," alisema, uso umemng'aa. "Tena chukueni yote. Msiniachie hata chembe."

Mama alipiga kigelegele kilichotikisa mabati, akakimbilia mlango wa jikoni na kuusukuma. "Toka, mkwe wangu, toka! Futa machozi, baba yako amekubali!"