Kidonda cha Kwenye Kalenda

Kidonda kilikuwa kibichi tena. Wiki mbili zilizopita muuguzi alikiacha kimekauka, kimeanza kushika ngozi, hata akamtania bibi, "Bado kidogo tu, utaruka kamba." Leo kimeachama, kinanuka, na kingo zake zimenyooka kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi.

Muuguzi aliona kinyaa. Si kwa sababu ya usaha. Miaka kumi na moja kwenye zahanati hii ya bure ya watu wa mashambani ilikuwa imemzoesha usaha. Kilichomtia kinyaa ni kwamba huu ulikuwa mwezi wa tano mfululizo, na kila mara kidonda kilifumuka siku ya wageni.

Wageni ndio kwanza walikuwa wameondoka. Hao ndio wafadhili walionunua dawa, vitanda, hadi mabati ya paa. Kama kawaida yao walikiinamia kidonda cha bibi, wakaziba pua, wakafuta machozi, wakapiga picha. Mguu ule ulikuwa umeshatokea hata kwenye kalenda yao. Walipoaga walimwachia sabuni na makopo mawili ya maziwa.

Muuguzi alifunga mlango.

"Bibi, unakichokonoa."

Bibi aliangalia sakafu.

"Kwa ajili ya sabuni na maziwa ya kopo! Huoni hata haya? Kikifika kwenye mfupa, mguu unakatwa. Mjukuu wako atalelewa na nani?"

"Mjukuu wangu anapata dawa zake hapa hapa, mwanangu," bibi alisema taratibu. "Akizikosa, kifafa kinamwangusha kutwa mara tatu. Usinifukuze."

"Nani kakufukuza? Nipe huo wembe."

"Sina wembe."

Muuguzi aliunyakua mfuko wa bibi akaumwaga mezani. Khanga kuukuu, kadi ya mjukuu, sabuni, makopo. Wembe hakuna. Hapo ndipo alipozidi kupandwa na hasira. Tena ile bendeji aliyomfungua asubuhi ilikuwa imefungwa kwa ustadi, mkunjo juu ya mkunjo, ncha imefichwa ndani, vilevile wanavyofundishwa chuoni. Mtu mzima na mvi zake, kajifunza mpaka kufunga bendeji ili asigundulike! Muuguzi alitamani kunawa mikono mara ya pili.

Alifikiria kumwambia daktari, kisha akaghairi. Daktari, mwenye kuianzisha zahanati, alikuwa na huruma iliyopita kiasi. Kila mkesha wa wageni alipanda pikipiki peke yake, akazunguka vijijini kuwajulia hali wagonjwa wake mahututi, akarudi kachoka, nguo zimejaa vumbi. Mtu kama huyo angeambiwa mgonjwa wake kipenzi anawachezea shere, angeumia bure. Hili alimalize mwenyewe.

Alikiosha kidonda, akakitia dawa, akakifunika kwa shashi safi. Kisha, badala ya bendeji, alichukua plasta ya waliovunjika mifupa, akailoweka, akaizungusha kuanzia kwenye vidole vya mguu hadi chini ya goti. Bibi alitazama tu. Alikuwa na tabia hiyo ya kutulia, hata pale ambapo wengine hupiga kelele.

Plasta ilikauka, ikawa ngumu.

"Mwezi mzima," muuguzi alisema, akijifuta mikono. "Hapo hapapenyi ukucha wala kijiti. Wa kuifungua ni mimi tu, tena kwa msumeno. Safari hii utapona, upende usipende."

Bibi aliigonga plasta kwa kidole, mara moja, mara mbili. Akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana ameshikwa na hofu.

"Sasa daktari akija nyumbani atapitia wapi, mwanangu? Yeye huja na wembe tu."