Kifuniko Chekundu

Siku hizi dawa ya fizi hainunuliwi. Hujaribiwa nyumba kwa nyumba, utake usitake: mmoja hupewa dawa, mwingine jeli tupu, na hakuna anayeambiwa kapewa ipi.

Saumu hakuhitaji kuambiwa. Fizi zake zilitoka damu hata kwa ugali, na mumewe, Mbaruku, siku hizi alipiga mswaki mlango kaufunga. Anaficha nini, kama si kupona? Vichupa vyao vilifanana, ila chake kilikuwa na kifuniko chekundu, cha mumewe kijani. Kila alfajiri akawa anavibadilisha vifuniko, na kuvirudisha akishapiga mswaki. Hakupona.

Leo amerudi bafuni kufuata taulo, akamkuta Mbaruku naye anavibadilisha vifuniko.

“Baba Rehema!”

“Nilidhani wewe ndiye unayepona,” alisema Mbaruku. Meno yake yalikuwa mekundu kwa damu.

Wakacheka. Kisha Saumu akavitazama vichupa.

“Sasa dawa iko wapi?”

Ng’ambo ya ukuta, jirani yao mzee Kingazi, naye aliyepewa kichupa, alikuwa anamenya muwa kwa meno, kwa raha zake.

Saumu akachukua kibakuli. “Ngoja nikaombe chumvi.”

Mbaruku akautazama mkebe wao wa chumvi, umejaa pomoni. Akampisha mlangoni.