Hereni ya Pili

Jana mama mkwe alifika kutoka Muleba, akazivua hereni masikioni mwake akamvika Alistidia, mke mpya wa mwanawe. Matundu ya masikio yake mwenyewe akayatia vijiti vya ufagio, yasizibe.

Asubuhi, mama mkwe akiwa bafuni, Alistidia alivua hereni moja, akapindua kikombe cha kauri na kuisugua kwenye kitako chake cheupe kinachokwaruza. Dhahabu bandia ingeacha mstari mweusi.

Mstari ulikuwa wa njano.

Mlango wa bafu ukalia. Akakigeuza kikombe upesi, akamimina kahawa.

"Karibu kahawa, mama."

Mama mkwe alikunywa taratibu mpaka mwisho. Akakipindua kikombe dirishani kumwaga machicha, akauona mstari.

Alimtazama sikio lililobaki na hereni.

"Ivue na hiyo uijaribu, mwanangu."