Pini za Mwatumu

Katika mji ule, mgambo akiuawa, bunduki yake ilirudishwa kwao ikiwa vipande viwili, pini za kuviunganisha zimetolewa. Jamaa wakinunua pini nyingine, maana yake wamemtoa mtu mwingine wa kuibeba. Aliyekataa kununua alichomewa nyumba.

Tangu asubuhi Mzee Kitwana alikuwa dukani kwa fundi Machano, amevipakata vipande vya bunduki ya marehemu mwanawe. Mwatumu, binti yake na mtoto pekee aliyebaki, alisimama mlangoni, kanga ameikaza kiunoni.

"Hii imelegea," alisema mzee, akairudisha pini kwenye kopo.

"Jaribu hii nyeusi."

"Inakwaruza."

"Na hii?"

"Fupi. Itamchomokea njiani."

Fundi akaleta kopo la pili, kisha la tatu. Mzee alizigeuzageuza pini kwenye mwanga, akazigonga mezani, hata akazinusa, na kila moja akaikuta na kasoro.

Mwishowe Machano akainama. "Mzee wangu," alisema taratibu, "hizi zote zimetoka mashine moja. Kipimo ni kimoja."

"Najua. Niletee nyingine."

Fundi akainuka kwenda kutafuta kopo ambalo hakuwa nalo.

Ndipo Mwatumu akaingia. Akavichukua vile vipande mapajani pa baba yake, akaokota pini mbili bila kuchagua, akazisukuma kwa kidole gumba. Ziliingia bila shida yoyote, naye akaitundika bunduki begani.

"Hiyo ya nyuma inacheza, mwanangu," alisema mzee, mikono yake bado imekaa kama amepakata kitu.

Mlangoni palikuwa na jua tu.