Kiberiti cha Haule

Katika mji ule wa makaa ya mawe, hakuna mchimbaji aliyeshuka mgodini na kiberiti. Kila mmoja alimwachia mkewe mlangoni, na mke hakukigusa hadi mumewe apande salama na kukidai.

Kiberiti cha Haule kilikuwa kabatini mwaka wa tisa sasa, tangu gesi ilipolipuka kule chini.

"Bonyeza swichi mwenyewe, mama," alisema fundi Ditriki, akishuka kwenye ngazi. Balbu mpya ilining'inia juu ya meza.

Asumpta, mjane wa Haule, hakusogea. "Umeme huu mnautoa wapi?"

Fundi aliinamisha kichwa. Mji mzima ulijua jinsi Haule alivyokufa. "Mgodini, mama. Gesi tunaivuta kwa mabomba kabla haijajaa kule chini, tunaichoma kwenye jenereta."

"Ile ile?"

"Ile ile. Wanaoshuka siku hizi wanapanda wote."

Asumpta aliutazama mlango. Kisha akabonyeza. Mwanga ukamwagika mezani, ukafika hadi kwenye kiti ambacho hakuna aliyekikalia tena.

"Kumbe," alisema polepole, "ilikuwa inaweza kufanya hivi."

Akafungua kabati, akatoa kiberiti, akakifuta vumbi kwa pindo la khanga. Fundi alidhani anataka kuwasha jiko, akasogea kumpisha.

Lakini Asumpta alikiweka mezani, mbele ya kile kiti, akakisukuma kidogo, mpaka pale ambapo mkono wa aliyeketi ungekifikia bila kujinyoosha.